Kiwakilishi Kinachoficha, Kitenzi Kinachofichua: Kiswahili mbele ya Tamthiliya ya Wanaume Wawili Wapendanao



Swali la mhadhara huu ni dogo kwa sura, lakini si jepesi. Msemaji wa Kiswahili anapoitazama tamthiliya ya kihistoria inayowahusu wanaume wawili wapendanao, lugha yake inampa nini na inamnyima nini? Swali hili linatuhusu kwa kuwa tamthiliya za kigeni zinazidi kusemeshwa Kiswahili. Mwaka 2011 TBC ilionesha kwa sauti za Kiswahili tamthiliya ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Vibanda umiza, kwa upande wao, vimekuwa na wafasiri wanaosimulia juu ya picha kwa ufundi wao wenyewe.

Mfano wetu ni tamthiliya ya *Fellow Travelers*, yenye sehemu 8, iliyooneshwa Marekani mwaka 2023. Chimbuko lake ni riwaya ya Thomas Mallon ya mwaka 2007. Hawkins Fuller, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, na Tim Laughlin, kijana Mkatoliki, wanapendana jijini Washington katika zama za Seneta McCarthy. Tarehe 27 Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini Amri Na. 10450, na kwa amri hiyo watumishi wa umma waliotuhumiwa kuwapenda watu wa jinsi yao walifukuzwa kazi. Kisa chaendelea hadi miaka ya 1980, wakati wa UKIMWI.

Tuanze na kiwakilishi. Kiingereza kina kiwakilishi cha mwanamume na kingine cha mwanamke. Kwa hiyo mtumishi wa mwaka 1953 aliyesimulia mapumziko yake mbele ya wenzake ofisini alikuwa na njia mbili tu: kubadili kiwakilishi, yaani kusema uongo, au kujifichua. Msemaji wa Kiswahili hana tabu hiyo. Akisema, “Jana alikuja, tukala, tukazungumza hadi usiku, nampenda mno,” hakuna kiambishi hata kimoja kinachotaja jinsi ya anayependwa. Hali ni hiyo hiyo katika Kinyakyusa na lugha nyingine za Kibantu. Maneno *mpenzi*, *mwenzi* na *mchumba* nayo hayabagui. Basi mfasiri akiifuata sarufi yake tu, hofu ya mhusika yatoweka: mtazamaji wa Kiingereza asikia mtu akiponea chupuchupu, na wa Kiswahili asikia mazungumzo ya kawaida. Ili kuirudisha hofu hiyo, mfasiri hana budi kutumia nomino, kwa mfano “yule binti” pale ambapo mhusika anadanganya.

Kinyume chake hutokea tunapofika kwenye ndoa. Katika tamthiliya hii Fuller anamwoa Lucy, naye Tim anabaki pembeni. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa pande zote mbili. Kiswahili hugawa kazi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na anayekosea kauli huchekwa. Swali la shangazi, “Utaoa lini?”, limebeba ndani yake jinsi, wajibu na njia nzima ya maisha. Hivyo lugha iliyomsitiri mtu katika kiwakilishi inamfichua katika kitenzi. *Kuoana* na *kufunga ndoa* hupunguza ukali huo, ila haviuondoi.

Aidha, kuna suala la majina. *Hanithi*, lenye asili ya Kiarabu, ni neno la dharau. *Shoga* katika mwambao ni jina la heri ambalo wanawake marafiki huitana. Kwingineko limegeuzwa kuwa tusi kwa mwanamume. Neno *rafiki* nalo limebebeshwa mzigo. Wanuri Kahiu aliipa jina hilo filamu yake ya mwaka 2018, iliyopigwa marufuku Kenya, akieleza kwamba wapendanao wa jinsi moja mara nyingi hulazimika kutambulishana kama marafiki tu.

Yamkini mtu atadhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Lakini Mpuguso ipo katika nchi ya Wanyakyusa, ambako Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miaka ya 1930. Katika *Good Company*, kitabu cha mwaka 1951, Monica Wilson alivieleza vijiji vya marika: wavulana waliondoka kwa baba zao wakajenga vijiji vyao, na *ukwangala*, yaani kufurahia kukaa na wenzako, kukawa nguzo ya utu. Aliandika pia juu ya mahusiano ya kimwili baina ya baadhi ya vijana hao kabla ya kuoa. Hatuwezi kuwalinganisha na Fuller na Laughlin; mazingira ni mengine kabisa. Hata hivyo, tunajifunza kwamba ukaribu wa wanaume ulikuwa na msamiati wake papa hapa.

Uzito wa uchaguzi wa maneno hauishii kwenye kioo cha televisheni. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu, baada ya marekebisho ya mwaka 1998, kimeweka kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha, kwa vitendo vya kimwili kati ya wanaume. Katika mazingira hayo, jina analobandikwa mtu mtaani laweza kumfikisha pabaya.

Kwa kuhitimisha, napendekeza kanuni moja kwa mfasiri. Pale kisa kinaposimulia pendo, atumie maneno ya pendo ambayo Kiswahili tayari kinayo: *mpenzi*, *mwenzi*, *wapendanao*. Tusi libaki kinywani mwa mhusika anayetukana. Mfasiri akilihamishia kwa msimulizi, atakuwa ametoa hukumu ambayo mwandishi hakuitoa, na mtazamaji hatajua imetoka kwa nani.