Injini Ichemkapo: Maji Yamekwenda Wapi?

Barabara ipandayo kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru huwafunulia wenye magari siri za injini zao. Jina lenyewe la Mai Mahiu, kwa lugha ya Kikuyu, maana yake ni maji ya moto. Na apitaye njia ile hakosi kuona gari lililofunguliwa boneti, mvuke unapanda juu, na mwenyewe amesimama kando na debe la maji.

Mimi nami nimesimama hapo. Nilikuwa nimepakia nyanya kutoka Narok katika pikapu yangu. Kwa muda wa majuma mawili nilikuwa nikiongeza maji katika rejeta kila asubuhi, kisha nikaenda zangu kama mtu aliyemaliza kazi. Siku ile mshale wa kipimo cha joto ulipanda hata mwisho, halafu ukashuka ghafula. Nikafurahi, nikidhani injini imepoa. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha, na kipimo hakikuwa na maji ya kupima. Kabla sijafika juu injini ilizimika. Nyanya zikaoza, na fedha niliyokuwa nimeweka kwa mbegu za msimu uliofuata ikaenda kununua silinda hedi. Chanzo cha hasara hiyo yote kilikuwa mpira mmoja wa maji wenye ufa mwembamba kama uzi.

Basi yafaa tukumbuke kwamba kuongeza maji si kutengeneza gari. Injini hainywi maji. Pampu huyazungusha ndani yake yachukue joto, huyapeleka katika rejeta yapozwe na upepo, kisha huyarudisha. Yakipungua, yamepata njia ya kutoka, na kazi yako ni kuitafuta njia hiyo.

Uonapo mshale unapanda kupita kiasi, zima mashine ya kupoza hewa, na ukiwa na kipasha joto cha ndani kifungulie mpaka mwisho, maana nacho huondoa joto kwenye injini. Tafuta mahali pa salama, usimame, uzime injini. Usiguse kifuniko cha rejeta. Mjini Mombasa maji huchemka yafikapo joto la digrii 100; huku juu Limuru, penye hewa nyepesi, huchemka karibu na digrii 93. Kifuniko kizima huyabana maji hata yakapita digrii 100 bila kuchemka. Ukikifungua wakati huo, huchemka mara moja na kukurukia usoni na mikononi. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikika. Wala usimwage maji baridi katika injini yenye moto, kwa kuwa chuma chaweza kupasuka.

Injini ikiisha kupoa, tazama maji. Yakiwa yamepungua, chunguza mipira na vibano vyake, kisha rejeta, kisha pampu, ambayo ikichakaa huanza kudondosha maji chini yake. Usipoona unyevu nje, huenda maji yanapotea ndani, kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu katika rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiziona dalili hizo usiendeshe tena. Gari na livutwe mpaka kwa fundi.

Na kama maji yamejaa, jiulize gari huchemka wakati gani. Likichemka katika msongamano wa mji na kupoa liendapo kasi, shuku feni: mkanda umelegea, au, kama feni ni ya umeme, fyuzi imekatika au mota imekufa. Likichemka mlimani au likiwa na mzigo, yamkini rejeta imezibwa, nje kwa matope na mbegu za majani, au ndani kwa kutu. Likichemka mapema baada ya kuwashwa, na mpira wa juu una moto hali rejeta ni baridi, themostati huenda imekwama. Hiyo ni mlango mdogo unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake.

Hapa pana desturi isiyofaa. Mafundi wengine huiondoa themostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Injini isiyofikia joto lake hula petroli nyingi na huchakaa upesi, na katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta. Mwambie fundi atie mpya. Tena, maji matupu huleta kutu, na maji ya kisima yenye chumvi huacha magamba ndani ya rejeta. Tumia dawa ya kupozea injini, yaani kulanti, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Aghalabu ni nusu kwa nusu na maji safi.

Kabla ya safari ya mlima, injini ikiwa bado baridi, tazama kiasi cha maji, minya mipira uone kama ina nyufa, na ujaribu mkanda. Kazi hiyo haichukui dakika kumi. Ukiona maji yamepungua leo, yaongeze. Ukiona yamepungua tena kesho, acha debe uite fundi. Mpira ule ulionipotezea nyanya zangu ningaliweza kuununua kwa bei ya kreti moja.