Fahamu: Kadi ya kujaza pesa kabla ya safari ya Dubai

Anayekwenda Dubai kutembea hufaidika na kadi ya kujaza kwanza kwa sababu hasara yake ina kikomo. Mwizi akiipata huchukua kilichomo tu. Akaunti ya mshahara haiguswi. Tena thamani ya dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, hivyo aliyejaza kadi ya dola kabla ya kuondoka hababaishwi na shilingi ikishuka akiwa huko. Wapo wanaopendelea noti kwa kuwa hazikatwi. Ni kweli kadi ina makato, ya kujaza, ya kutoa pesa kwenye ATM, pengine ya kubadili sarafu, na ni lazima kuyasoma mapema. Lakini noti zikipotea zimepotea. Kadi hufungwa kwa simu moja.

Hatari kubwa iko kaunta. Mashine huuliza: ulipe kwa dirhamu au kwa sarafu ya kadi yako? Chagua dirhamu. Ukichagua nyingine, kiwango hupangwa upande wa muuzaji, na kwa kawaida hukuumiza. Hoteli nayo huzuia kiasi fulani kama dhamana, na pesa hizo huweza kukwama siku kadhaa. Hapo kadi ya mkopo hufaa zaidi.