Sukari Mdomoni, Hatari Moyoni

Nusu ya Shaaban ilikuwa imepita, mwezi wa Februari mwaka 2025, nilipoteremka matatu ya nambari 46 pale Kawangware na kushika njia ya Riruta kwa miguu. Mkononi nilikuwa na kikapu kutoka Mombasa. Ndani yake mlikuwa na achari ya ndimu, mabuyu, na, Mola anisamehe, ratili mbili za haluwa. Nilikuwa nikienda kumjulia hali dadangu mdogo, ambaye wiki tatu nyuma alikuwa amelazwa hospitali.

Dadangu ni mgonjwa wa sukari. Nami pia ni mgonjwa wa sukari, mwaka wa tisa sasa. Na bado nilipita dukani nikapimiwa haluwa, kwa kuwa mtu wa Pwani haendi kwa nduguye mikono mitupu, na kwetu sisi mkono usio mtupu aghalabu ni mkono wenye kitu kitamu.

Alikifunua kikapu, akaitazama haluwa, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, umekuja kunijulia hali au umekuja kunizika?"

Akawaita watoto wa jirani, wakaimaliza haluwa hapo kizingitini kabla sijavua viatu. Nami nikaketi, nikaletewa kikombe cha kahawa chungu kisichokuwa hata na tende kando yake.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua ugumu wa maradhi haya kwa watu wetu, anzia kwenye kikombe hicho. Sukari kwetu si chakula tu, ni heshima. Mposaji hupokewa kwa kitu kitamu, maulidi humalizika kwa kitu kitamu, na mfiwa huletewa chai ambayo kijiko chaweza kusimama ndani yake. Anayekataa huonekana ameringa. Mimi mwenyewe, mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, nimekunywa chai ya watu kwa haya, huku nikijua kwamba nitailipia usiku kwa kwenda msalani mara tano.

Lakini sikufunga safari hii yote kuandika juu ya chai. Nilikwenda kwa sababu ya moyo.

Hadithi yenyewe aliisimulia dadangu akiwa amejinyoosha juu ya mkeka. Siku ile alikuwa akirudi kutoka sokoni Kawangware. Njiani akashikwa na uchovu ambao hajapata kuuona, jasho jembamba likamtoka, taya likawa zito na pumzi ikawa fupi. Kifua hakikumuuma. Angalau hakikumuuma kama tunavyodhania kwamba moyo huuma. Majirani wakasema ni gesi. Katika duka moja la dawa la mtaani akaambiwa vivyo hivyo, akapewa vidonge vya tumbo. Mmoja wa majirani, kwa wema wake mtupu, akamnunulia chupa ya soda ili acheue. Hebu fikiri: mwenye kisukari ambaye moyo wake unakosa damu, akinyweshwa sukari ili ateremshe gesi! Alikaa na hali hiyo hadi asubuhi ya pili, mwanawe alipombeba kwa nguvu. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba sehemu ya nyama ya moyo wake ilikuwa imekwisha kudhurika.

Daktari alimweleza jambo ambalo mimi, katika miaka yangu tisa ya kumeza vidonge, sikuwahi kulitia maanani. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu kuta za mishipa. Mafuta hujiganda humo, njia ikawa nyembamba, na presha ikiwapo huongeza kasi ya uharibifu huo. Hali kadhalika sukari huua neva, zile nyuzi zinazopeleka habari ya maumivu. Ndiyo maana mgonjwa hukanyaga msumari asihisi. Na ndiyo maana moyo wake waweza kuziba bila ya kupiga kelele. Mwenye kisukari ana hatari ya maradhi ya moyo na mishipa mara mbili hivi kuliko asiye nacho, na hayo ndiyo yanayowaua wengi wa wagonjwa hawa.

Naona jina la ugonjwa limetupoteza. Tunaposema "sukari" tunaulinda ulimi na kuusahau moyo. Wazee wa elimu hawakupotezwa hivyo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Qanuni yake kwamba mkojo wa mgonjwa huyu una utamu, lakini hakuishia hapo. Alitaja pia kuoza kwa viungo na kupungukiwa kwa nguvu za kiume. Aliona kwamba ni maradhi ya mwili mzima. Sisi tuliosoma chuoni tukatajiwa jina lake kwa fahari, tumelikariri jina tukaiacha habari.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii, alichapisha habari ya watu 1000 hivi aliowapima presha. Hakuona kwamba presha yao inapanda kwa uzee kama ilivyokuwa ikipanda kwao Ulaya. Na Kampala, daktari Hugh Trowell alikaa miaka mingi mno katika wadi asimwone Mwafrika aliyezibwa mishipa ya moyo, hata mwaka 1956 yeye na mwenziwe walipoeleza kisa kimoja, kikawa ni habari ya kuandikwa jaridani. Kisa kimoja! Leo kisa kimoja ni dadangu, na cha pili ni fundi viatu wa mlango wa tatu, ambaye mguu wake ulikatwa.

Ni nini kilichoingia hapo kati? Jibu moja lilipatikana katika mji huu huu wa Nairobi. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini kuja mjini kutafuta kazi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Presha ya waliohamia ilionekana imepanda tangu mwezi wa kwanza. Uzito wao uliongezeka, mapigo ya moyo yakawa ya haraka, chumvi mwilini ikazidi na ile madini ya potasiamu, inayotokana na mboga na matunda, ikapungua. Mwezi mmoja tu! Nilipomsomea dadangu maneno haya alicheka. Yeye aliyahisi bila ya kupimwa: alipokuja Nairobi akiwa msichana aliacha samaki, muhogo na mwendo wa miguu, akashika chipsi, chapati na kukaa kwenye cherehani kutwa nzima.

Wala usidhani kuwa haya ni maradhi ya wenye magari. Utafiti uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2013 uliona kwamba watu wazima 5 hivi katika kila 100 mtaani humo wana kisukari.

Dadangu alianzia huko Kibera, karibu na Makina kwa Wanubi, kabla ya kuhamia Riruta. Na hapa sina budi kusifu kinachostahili sifa. Madaktari Wasio na Mipaka, waliofanya kazi Kibera kwa miaka 20 hata wakaikabidhi kaunti vituo vyao mwaka 2017, walikuwa na utaratibu wa vikundi. Wagonjwa waliotulia walikutanishwa, wakapimwa presha na uzito, wakazungumza, wakapewa dawa zao zikiwa zimekwisha kufungwa, wakaenda zao bila kupanga foleni ya kutwa. Ajabu ya vikundi hivyo ni kwamba wenye kisukari, wenye presha na wenye virusi vya ukimwi walikaa pamoja. Mwanzoni dadangu aliona haya: watu watasemaje wakimwona pale? Baadaye akagundua kwamba wale wenye virusi ndio waalimu wa kweli, maana walikuwa wamezoea kumeza dawa kila siku bila kungoja kuumwa. "Sisi wa sukari tulikuwa tukimeza tukijisikia vibaya," akaniambia. "Wao walikuwa wakimeza ili wasijisikie vibaya."

Alipohamia Riruta kikundi kikamponyoka. Kodi, karo, na ushonaji usio na wateja vikashika nafasi ya dawa. Alinunua vidonge vya siku nne, akapumzika siku kumi. Presha hakuipima tena. Njia ya kwenda kwenye moyo ilijengwa hivyo, tofali kwa tofali, na hakuna wa kulaumiwa peke yake.

Sasa anadungwa insulini. Pembeni mwa chumba niliona mtungi wa udongo umewekwa juu ya sinia ya mchanga uliolowa maji, nikadhani ni ukumbusho wa nyumbani. Kumbe ndilo friji lake. Mabati ya Riruta mwezi wa Februari saa nane za mchana hayana huruma, na umeme una kwenda na kurudi. Si ushamba huo. Mwaka 2021 Madaktari hao hao pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya vipimo vilivyofuata joto la kambi ya Dagahaley, huko Dadaab: chupa ya insulini iliyofunguliwa, katika joto linalopanda na kushuka baina ya digrii 25 na 37, ilibaki na nguvu zake kwa wiki nne. Mtungi na kivuli vinatosha kwa mtu asiye na friji.

Usiku tukagombana. Chanzo kilikuwa Ramadhani.

Dadangu alikuwa ametia nia ya kufunga. Daktari alikuwa amemkataza wazi wazi. Nilimweleza kwamba mwongozo wa mwaka 2021 wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari unawapima wagonjwa kwa alama, na kwamba mwenye insulini aliyetoka kupatwa na moyo yumo miongoni mwa wenye hatari kubwa, wanaoshauriwa wasifunge. Nikamwambia kuwa hata yule anayeruhusiwa hutakiwa ajitoboe kidole apime, na kujitoboa huko hakuvunji saumu. Na sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda juu ya 16.6, afungue papo hapo hata kama imebaki robo saa kwa adhana.

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kaka, mimi nimefunga tangu nina miaka minane. Nikae nile mchana, watoto wa mtaa waniite kobe?"

Hapo ndipo nilipoyaelewa mambo. Hakuwa akiogopa dhambi. Alikuwa akiogopa macho ya watu, kama mimi ninavyoyaogopa ninapoletewa chai. Nikamkumbusha Suratul Baqara, aya ambazo sote tulizisoma chuoni juu ya ubao, zilizomwondolea mgonjwa uzito huo. Nikamkumbusha kwamba kwa madhehebu yetu ya Kishafii, mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, akampa maskini. Nikamwuliza, kwa ukali kidogo, najuta sasa: kama Mwenyewe amekupa ruhusa, wewe waikataa kwa ajili ya nani?

Hakunijibu usiku ule. Alilala, nami nikakaa nikisikiliza pumzi yake.

Asubuhi baada ya sala ya alfajiri nilimkuta amekaa na daftari la vipimo vya nguo, akipiga hesabu ya vibaba thelathini vya mchele kwa bei ya Kawangware. Nikamwuliza kama keshapata maskini wa kumlisha.

"Hapa Riruta maskini hatafutwi kwa taa," akasema. "Nitampa yule fundi viatu aliyekatwa mguu. Ila naye ana sukari, kwa hiyo wali wenyewe itabidi nimpimie, na kunde ziwe nyingi. Na wewe, kaka, ukija Idi usije na kikapu."