MTOTO SI MTU MZIMA MDOGO

Ndugu wazazi na walezi wa Misiera na vijiji vyote vya Nakivale,

Sisi wajitolea wa afya tunapopita nyumba kwa nyumba, tunakuta jambo hili mara nyingi. Baba anapewa dawa ya malaria, akipata nafuu anaweka vidonge vilivyobaki. Baadaye mtoto anapata homa, mama anamkatia nusu ya dozi ya baba. Anafanya hivyo kwa upendo, lakini ni hatari.

Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo. Tuchukue vidonge vya Coartem. Mtu mzima humeza 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24. Mtoto wa kilo 10 humeza 1 asubuhi na 1 jioni, jumla 6. Nusu ya dozi ya baba ni vidonge 2: umemzidishia mtoto mara mbili! Na baba hakumaliza dawa yake, malaria inaweza kumrudia. Tena si kila homa ni malaria. Damu ipimwe kwanza.

Kwa hiyo usiende kituoni kuomba dawa huku mtoto amebaki nyumbani. Nenda naye, awekwe kwenye mizani.

Tofauti nyingine ni hizi:

1. KUHARA. Mwili wa mtoto hukauka maji upesi kuliko wa mtu mzima. Mpe O.R.S. mara moja, endelea kumnyonyesha, na umlete apate vidonge vya zinki.

2. KUPUMUA. Mhesabu dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikia mara 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikia mara 40, huenda ana nimonia.

3. MTOTO MCHANGA. Chini ya miezi 2, homa yoyote ni ya kituoni siku hiyo hiyo.

KIMBIA KITUONI, hata usiku, kama mtoto:
- hawezi kunyonya wala kunywa
- anatapika kila kitu
- anapata degedege
- amelegea sana au haamki

Ukifika mwambie muuguzi dalili hizo mara moja, usingoje foleni. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kituo, mtoto hutumwa hospitali ya Mbarara. Mbarara ni mbali. Tusiichelewesha safari hiyo kwa kujaribu nusu kidonge nyumbani.