Rekodi za Duesenberg: Ya Breki Ndiyo Kubwa

Mtu akitaja Duesenberg, magari ya kifahari ya Indianapolis, Marekani, kwanza husifu injini, na ana haki. Lakini katika rekodi zote za Fred na August Duesenberg, ndugu wawili wazaliwa wa Ujerumani, mimi naitanguliza ya breki.

Tuanze na kasi. Aprili 1920, kwenye mchanga wa Daytona, dereva Tommy Milton alifikisha kilomita 251 kwa saa akiwa na gari lao lenye injini mbili za silinda nane nane. Lilishika moto likiwa mbioni, na bado rekodi ikapatikana.

Sasa breki. Magari mengi ya wakati huo yalifunga breki magurudumu ya nyuma tu. Waliothubutu kuweka breki mbele walitumia vyuma na nyaya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia: waya mmoja ukikaza kuliko mwenzake, gurudumu moja hukamata mapema na gari huvutwa pembeni. Fred aliamua kutumia kimiminika, kwa sababu kimiminika kikisukumwa ndani ya bomba, shinikizo lake huwa sawa kila upande. Ugumu ulikuwa kukifikisha kwenye gurudumu linalokata kona. Alikipitisha ndani ya ekseli ya mbele, kisha katika pini ambazo gurudumu hugeukia. Fundi yeyote anajua maana yake: kila kiungo kinachozunguka ni mahali pa kuvuja, na breki inayovuja humsaliti dereva siku anayoihitaji kuliko zote.

Mtihani wa breki hizo ulikuja Julai 1921, Grand Prix ya Ufaransa, Le Mans. Katika mazoezi Jimmy Murphy, dereva wa Duesenberg, alipinduka, akaanza mbio akiwa amefungwa bendeji mbavuni. Barabara ilikuwa ya mawe yaliyofumuka na kuwarukia madereva. Wenzake walipoanza kupunguza mwendo kabla ya kona, Murphy aliendelea kukanyaga mafuta, kwa kuwa alikuwa na breki za kumtosha. Mzunguko wa mwisho aliumaliza rejeta ikiwa imetobolewa na jiwe na tairi likiwa bapa, lakini alimwacha Ralph DePalma wa timu ya Ballot kwa takriban dakika 15. Ndiyo mara ya kwanza kwa gari la Marekani kushinda Grand Prix Ulaya; Mmarekani mwingine aliyeshinda na gari la kwao alikuwa Dan Gurney, Ubelgiji, 1967. Gari lile lile la Murphy lilishinda pia mbio za Indianapolis 500 za 1922, ila injini ilikuwa imebadilishwa na kuwekwa ya Miller. Kwangu hiyo inatosha kuonyesha kwamba ubora wa gari lile haukuwa injini peke yake.

Model A, gari lao la kwanza la kuuzwa kwa wateja, lilionyeshwa New York mwishoni mwa 1920, likachelewa mwaka mzima kwa sababu injini ilisanifiwa upya. Lilipotoka, lilikuwa gari la kwanza sokoni lenye breki za kimiminika kwenye magurudumu yote manne, na la kwanza la Marekani kuuzwa likiwa na silinda nane katika mstari mmoja. Sifa hazikuleta faida: mwaka 1924 kampuni ilikuwa chini ya mfilisi, na mwaka huo huo Walter Chrysler akaleta breki za aina hiyo kwenye gari la bei ya chini zaidi, akapata soko ambalo ndugu hawa hawakulipata.

Mfanyabiashara E. L. Cord aliinunua kampuni 1926, akataka gari lisilo na mshindani. Model J likazinduliwa Desemba 1928 na nguvu za farasi 265; SJ la 1932, lenye supachaja, likatajwa kuwa na 320. Kwenye dashibodi ya Model J kilikuja kuwekwa kijiti cha kupangia nguvu ya breki: barabara kavu, mvua, theluji, barafu. Naiona kazi hiyo bora kuliko idadi yoyote ya farasi.

Magari ya SSJ, ndugu wa SJ, yalitengenezwa mawili tu, na lililokuwa la mwigizaji Gary Cooper liliuzwa mnadani 2018 kwa dola milioni 22. Nayo injini ya SJ ilimpa dereva Ab Jenkins wastani wa kilomita 218 kwa saa kwa muda wa saa 24, kwenye chumvi ya Bonneville, 1935. Pale hapakuwa na kona za kumtisha mtu, kwa hiyo rekodi hiyo naiachia injini yote.