Mji Mzuri wa Pullman

Upande wa kusini wa jiji la Chicago, nchini Marekani, zimesimama safu za nyumba za matofali mekundu ambazo mgeni hapiti bila kugeuka kuzitazama. Huo ndio mtaa wa Pullman, ambao zamani ulikuwa mji peke yake, na kila nyumba yake ilikuwa mali ya kampuni moja.

Bwana George Pullman alikuwa mwenye karakana za kuunda mabehewa ya kulalia, yaliyosifiwa kwa fahari yao. Mwaka 1880 alianza kujenga karakana mpya katika uwanda mtupu kando ya ziwa Calumet, na pamoja nazo mji wa wafanyakazi wake. Majengo yalichorwa na Bwana Solon Beman, na bustani zikapangwa na Bwana Nathan Barrett.

Siku zile maskini wengi wa Chicago walisongamana katika vyumba vyenye giza na uchafu. Huko Pullman nyumba zilikuwa na maji ya mfereji na gesi, takataka zilizolewa, na miti ilipandwa njiani. Palikuwa na soko, shule, maktaba, jumba la michezo ya kuigiza, kanisa la mawe ya kijani, na hoteli iliyopewa jina la Florence, binti yake Bwana Pullman.

Lakini wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kununua nyumba. Aliyetoa mshahara ndiye aliyepokea kodi, naye alitaka mji umletee faida ya asilimia 6 kila mwaka. Hata kanisa lile lilikaa tupu kwa muda, kwa sababu kodi yake ilikuwa kubwa mno.

Mwaka 1893 biashara iliharibika katika Marekani nzima. Kampuni ikapunguza mishahara kwa kadiri ya robo, wala kodi haikupunguzwa. Mwezi wa Mei 1894 wafanyakazi wakagoma. Chama cha watu wa reli, kilichoongozwa na Bwana Eugene Debs, kikakataa kushughulikia treni zenye mabehewa ya Pullman. Rais Cleveland akapeleka askari, damu ikamwagika, na mgomo ukavunjika. Hata hivyo, mwaka 1898 mahakama kuu ya jimbo la Illinois iliamuru kampuni iuze nyumba zile, kwa kuwa kumiliki mji hakukuwa kazi yake kisheria.

Msomaji aliyepata kukaa katika nyumba za reli au za mashamba ya chai anafahamu jambo hili vema: siku kazi inapokwisha, ndiyo siku ufunguo unapodaiwa.

Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliufanya mtaa wa Pullman kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Watu bado wanaishi katika nyumba zile zile za matofali mekundu. Uzuri wake haukupungua kwa kuwa umeacha kuwa mali ya bwana mmoja.