Kuna Wasee Wanalipwa Kuchunguza Chingamu Unayotafuna. Ni PhD, na Doh Iko

Shika pakiti ya chingamu ama pipi yoyote yenye inang'aa, igeuze nyuma, usome yale maandishi madogo yenye hakuna mtu husoma. Ukiona "E171", "INS 171" ama "titanium dioxide", hapo ndio stori ya leo inaanzia. Ni unga mweupe pe. Kazi yake ni moja tu: kufanya kitu kikae cheupe, na rangi zingine juu yake zitoke poa. Hauna ladha, hauna vitamini, haukushibishi. Rangi ya ukuta wako wa keja iko na huo unga, dawa za meno kibao ziko nao, na tembe mob za hospitali pia.

Sasa mbona mtu apewe mshahara miaka mitatu juu ya unga?

Ni maneno ya saizi. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wako mmoja una upana wa kama nanomita 80,000. Chembe yoyote iliyo chini ya nanomita 100 inaitwa chembe ya nano, na kwa E171, hadi nusu ya chembe ukizihesabu zinaweza kuwa za saizi hiyo. Kitu kikikuwa kidogo hivyo, tabia inabadilika. Gramu moja ya chembe ndogo sana iko na ngozi ya nje kubwa kuliko gramu moja ya chembe kubwa, na hiyo ngozi ndiyo inagusana na mwili wako. Halafu kwa utumbo kuna seli ambazo kazi yake ni kudaka vitu vinavyopita na kuvipeleka kwa askari wa kinga ya mwili. Hizo seli zinaweza kudaka chembe za nano pia.

Ngori inaanza hapo kwa watafiti. Chembe ikipita tumboni inajifunika protini za chakula, kwa hivyo ile inafika kwa utumbo si ile ilimwagwa kwa chupa ya maabara. Ni kama msee alitoka ushago na koti moja, akifika tao ashabadilisha nguo mara tatu, na wewe bado unamtafuta na ile koti ya kwanza.

Twende Toulouse, Ufaransa. Mwaka wa 2017, watafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, iliyokuwa ikiitwa INRA, walichapisha kazi iliyotikisa watu wa chakula Ulaya nzima. Walipea panya wa maabara E171 kwa maji ya kunywa siku 100, kiwango cha miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Asilimia kama 40 ya hao panya walipatikana na vidonda vidogo kwa utumbo mpana, vile vya hatua ya mapema kabla ya saratani. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba huwezi kuchukua hiyo ya panya uibandike kwa binadamu hivyo tu. Lakini Ufaransa haikungoja. Kuanzia Januari 2020, ilisimamisha E171 kwa chakula.

Mei 2021, shirika la usalama wa chakula la Ulaya, EFSA, likasema E171 haiwezi kuchukuliwa tena kuwa salama. Sikiza sababu vizuri, juu hapa ndio watu huchanganya. EFSA haikusema E171 inaleta saratani. Ilisema haiwezi kuondoa uwezekano kwamba inaharibu DNA, na kama huwezi kuondoa hiyo, huwezi kupanga kiwango cha kula kwa siku. Mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwa chakula. Kwa dawa ikabaki.

Halafu wengine wakakataa. Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand ziliangalia ushahidi na kusema sababu ya kupiga marufuku haijatosha. Kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ya WHO na FAO ilirudia hesabu mwaka wa 2023 ikasema hakuna haja ya kuweka kikomo cha kila siku. Marekani bado inairuhusu, mradi isipite asilimia 1 ya uzito wa chakula. Huko California kampuni ya Mars ilishtakiwa mwaka wa 2022 juu ya Skittles, kesi ikaachwa baadaye, na mwaka wa 2025 Mars ikasema Skittles za Marekani hazina hiyo kitu tena.

Wasomi wanakosana aje hivyo na unga ni uleule? Wenye wanapinga marufuku wanasema majaribio mengi yalitumia chembe za nano tupu, zikiwa zimetawanywa kwa maji kwa nguvu, kitu chenye huwezi pata kwa pipi. Mwaka wa 2019, utafiti mwingine ulipea panya E171 siku 100 pia, lakini ikiwa imechanganywa kwa chakula, na ile shida ya Toulouse haikuonekana. Maji ama chakula. Hilo tu linaweza kugeuza jibu, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu tamu ya hii stori yote.

Hapo ndipo mwanafunzi wa PhD anaingia. Mtu lazima akae na hilo swali, na si wiki moja. Anakuza seli za utumbo wa binadamu kwa sahani, anapitisha pipi kwa tumbo bandia lenye asidi na vimeng'enya, anaangalia kwa hadubini ya elektroni nini kimebaki. Anafanya kipimo cha kometi, kinachoitwa hivyo kwa sababu DNA iliyokatika huacha mkia kama ile nyota. Wiki kibao zinaisha jaribio limekataa. Ni kazi ya subira, si ya kiki.

Na inalipa. Ufaransa, mkataba wa udaktari ni ajira kabisa: kawaida miaka mitatu, zaidi ya yuro 2,000 kwa mwezi kabla ya makato. Umoja wa Ulaya nao hufadhili mitandao ya PhD kwa jina la Marie Skłodowska-Curie. Hizo huangalii pasipoti. Mkenya anaomba kama Mjerumani. Masharti mawili makubwa: usiwe tayari na PhD, na usiwe umeishi ama kufanya kazi kwa hiyo nchi zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, kwa tovuti ya Euraxess na za vyuo vyenyewe, na mada ikiwa imeshaandikwa.

Mara nyingi utahitaji masters: sumu na dawa, sayansi ya chakula, baiokemia, kemia. JKUAT wanafunza sayansi ya chakula, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara inayofunza famakolojia na sumu pale Kabete. Kama uko na digrii ya kwanza tu, tafuta Erasmus Mundus, ambazo hulipia masters.

Kwa barua ya maombi, usiandike vile unapenda sayansi tangu utotoni. Soma kazi mbili za yule profesa, umwambie jaribio gani ungelifanya tofauti na kwa nini.

Na kama mtu amekutext ati nafasi iko lakini tuma elfu tano kwanza ya kushikilia ama ya usaili, block. PhD yenye imefadhiliwa hukulipa wewe, si wewe ulipe mtu kwa M-Pesa.